Matandazo ya Dar kwa udongo wa msitu ulioshindiliwa: kipi kibebwe, kipi kiachwe

Mwenye kipande cha msitu kilichokatwa magogo Kisarawe au Mkuranga akiuliza Dar es Salaam apate wapi matandazo, ataelekezwa kwa mafundi seremala, kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwa wauza nazi au kwa wafuga kuku. Mzigo upo kote huko, tena mwingi. Shida ni kwamba wanaouuza wamezoea wateja wa bustani za nyumbani na mabanda ya kuku, na bustani ya nyumbani haijawahi kupitiwa na lori lenye shehena ya mkongo. Kinachopendeza chini ya maua ya Mbezi Beach kinaweza kuwa hasara tupu kwenye njia ya lori msituni.

Hapa mizigo hiyo inapimwa kwa kazi moja tu: kufufua udongo ulioshindiliwa na ukataji wa magogo. Uamuzi wetu tunautoa mapema ili mwenye haraka asipotee. Mzigo bora ni matawi mabichi yaliyosagwa au kukatwakatwa pamoja na majani yake, na mara nyingi unalipia nauli tu. Takataka ya banda la kuku inafuata, lakini itumike kama kiungo. Maranda yanafaa kwa masharti. Makumbi ya nazi yana kazi moja tu, na hiyo yanaifanya vizuri. Pumba za mpunga peke yake hazistahili nauli ya kuzitoa mjini.

Sababu ya mpangilio huo iko ndani ya udongo. Karibu nusu ya ujazo wa udongo mzuri wa msitu ni nafasi tupu: matundu makubwa ya hewa na madogo ya kushika maji. Lori likipita, makubwa ndiyo hufa kwanza, na hayo ndiyo njia ya mvua, ya hewa na ya mizizi michanga. Sehemu kubwa ya madhara hutokea katika safari chache za mwanzo, kwa hiyo usiidharau njia kwa kuwa ilipitiwa mara tano tu. Udongo huo ukiachwa wenyewe unaweza kubaki hivyo kwa miongo. Kwenye nchi za baridi, barafu inayoganda na kuyeyuka kila mwaka husaidia kuufungua kidogo; Pwani kazi hiyo ni ya mizizi, nyungunyungu, jongoo na mchwa, na hawa hawaji mahali penye jua kali, pakavu, pasipo na chakula. Tandazo linawawekea kivuli, unyevu na chakula. Pia linazuia matone ya mvua yasipige udongo mtupu na kuuziba ngozi juu. Ukilipima tandazo kwa kazi hizo, mizigo mingi ya mjini inaanguka mtihani mapema.

Msituni kwenyewe, matandazo bora yalikuwapo: matawi, majani na magome yaliyobaki baada ya gogo kuondoka. Kama bado yapo, usinunue chochote. Yakate vipande na uyatandaze palepale. Maeneo ya karibu na jiji kwa kawaida hayana bahati hiyo, kwa sababu baada ya gogo kuondoka, matawi nayo huingia kwenye tanuri la mkaa. Kinachobaki ni ardhi tupu, na hapo ndipo safari ya kutafuta mzigo mjini inapoanza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Chukua nondo ya milimita 10, urefu wa mita moja, uinoe ncha kidogo. Siku mbili baada ya mvua kubwa isukume wima kwa uzito wa mikono. Ndani ya msitu usioguswa mara nyingi itazama sentimita 30 au zaidi. Njiani itagoma kwenye 5 hadi 10. Rudia mahali kumi ndani ya njia na mahali kumi msituni, kwa sababu nondo hukutana na mawe na mizizi na kukudanganya. Kisha tafuta kopo la kipenyo cha sentimita 15, toa kitako chake, ligongee ardhini sentimita 5, umimine mililita 440 za maji. Hiyo ni sawa na mvua ya milimita 25. Mimina mara mbili na uhesabu dakika za mara ya pili, maana ya kwanza inalowesha tu.

Mwenye mizani na oveni aende mbali zaidi: akaushe udongo wa kopo lenye ujazo anaoujua, nyuzi 105 kwa saa 24, kisha agawanye gramu kwa sentimita za ujazo. Kwenye mchanga mizizi hukwama namba inapopita 1.80, kwenye mfinyanzi inatosha 1.47. Tofauti hiyo si ndogo kwa vilima vya Pugu, ambako mchanga umechanganyika na ule mfinyanzi mweupe wa kaolini. Namba kama 1.6 isiyotisha kwenye mchanga wa Kigamboni inaweza kuwa ukuta kwa mche wa Pugu.

Nondo ikigoma chini ya sentimita 15, hakuna tandazo litakalokuokoa peke yake ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vunja kwanza. Jembe la uma na sururu vinatosha kwa kina cha sentimita 30. Mtaimbo kwa zaidi ya hapo. Usilime eneo zima. Vunja mistari inayokata mteremko, upana wa jembe, kila baada ya mita moja na nusu au mbili, na uiache mizizi hai yoyote utakayoikuta. Mistari inayofuata mteremko itageuka makorongo masika ya kwanza. Unyevu nao una neno: finyanga udongo mkononi, ukitoka utepe unaong'aa, rudi baada ya siku tatu. Kuvunja udongo uliolowa ni kuushindilia upya kwa mikono yako.

Sasa mizigo.

Matawi yaliyosagwa yanapatikana wapi? Dar inapogoa miti mwaka mzima: chini ya nyaya za umeme, kando ya barabara, kwenye viwanja vya ofisi na nyumba za Oysterbay, Upanga na Mikocheni. Matawi hayo ni mzigo unaomsumbua aliyeyakata, kwa sababu atalipia gari la kuyatupa. Ongea na wakata miti wenyewe kabla hawajaanza kazi, na uwaambie unataka nini: matawi yasiyozidi sentimita 7 kwa unene, yakiwa na majani yake. Kikomo hicho cha sentimita 7 kimetoka Quebec, Kanada, ambako matawi membamba yaliyosagwa yamechunguzwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Tawi jembamba lina gome jingi, machipukizi na majani, kwa hiyo lina naitrojeni na madini mengi kuliko mbao ya katikati ya shina. Kuvu hulishambulia haraka, na nyuzi zake nyeupe ndizo zinazoanza kuunganisha chembe za udongo kuwa mabonge madogo yenye nafasi katikati. Ukiinua tandazo baada ya mvua za miezi miwili ukaona nyuzi hizo zimeshikana na udongo, kazi imeanza.

Mashine ya kusaga si lazima. Panga na kigogo cha kukatia vinatosha, vipande vya kiganja kimoja au vifupi zaidi. Ukubwa uliochanganyika ni bora kuliko vipande vilivyolingana: vidogo vinalisha mwaka huu, vikubwa vinashikilia tandazo lisisombwe na vinalisha mwaka kesho. Hii ndiyo sifa ambayo hakuna gunia la dukani linaloweza kuifikia.

Kasoro yake ni kwamba mkata miti hachagui mti. Wewe lazima uchague. Mwarobaini wenye matunda usiingie msituni hata kidogo. Ni mti wa kigeni, ndege wanaueneza, na umekwisha kuvamia hifadhi ya Saadani. Lukina yenye maganda ya mbegu vivyo hivyo. Mkaratusi una kemikali zinazodumaza miche, uache kwenye rundo miezi mitatu minne ulowe mvua. Miembe, mikungu, mijohoro isiyo na maganda ya mbegu na ua la kawaida la nyumbani havina tatizo. Ukishindwa kuutambua mti, angalia kama una mbegu au matunda, usipoona, beba.

Alama yetu: 5 kati ya 5 kwa mzigo uliochaguliwa, 2 kwa mzigo wa kubahatisha.

Maranda yanahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo watu wanayoyakimbilia. Keko peke yake mafundi wanarandia mbao kutwa, na magunia yanapangwa nje ya karakana yakisubiri wafuga kuku. Kwanza tofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji wengi wanaviita jina moja. Maranda halisi ni yale ya kujikunja yanayotoka kwenye randa. Yana nafasi ndani yake na maji yanapita. Vumbi la msumeno ni unga. Unga ukiwekwa mnene hushikana, ukikauka hukataa maji, na mvua itateleza juu yake kana kwamba umetandaza turubai. Maranda yasizidi sentimita 5. Vumbi lisizidi sentimita 2, na tungependa lisitumike bila kuchanganywa na kitu chenye vipande vikubwa.

Pili, naitrojeni. Vumbi la mbao lina kaboni mara mia kadhaa ya naitrojeni yake, na viumbe vinavyolila vikikosa naitrojeni ndani ya mbao vinaichukua kwenye udongo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanalifukia. Likikaa juu, mvutano huo unatokea kwenye ngozi ya udongo tu, na mizizi iliyo chini haiuhisi sana. Likichanganywa na udongo kina cha jembe, miche itageuka njano msimu mzima. Hesabu ya kawaida ni kilo moja ya naitrojeni kwa kila kilo 100 za vumbi kavu. Takataka ya kuku yenye asilimia 2.5 ya naitrojeni itatakiwa kilo 40 kufidia hilo.

Tatu, na hili halina msamaha: mbao zilizotiwa dawa. Dawa ya kijani inayotumika kwenye nguzo na mbao za paa huweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki. Vumbi lake haliozeshi sumu hiyo, linaihamishia kwenye udongo na kwenye nyungunyungu unaowategemea. Vumbi la plaiwudi, chipubodi na mbao za kubandikwa lina gundi. Karakana inayotengeneza vitanda vya mninga asubuhi na kabati za chipubodi jioni ina vumbi moja tu sakafuni, na muuzaji hawezi kukutenganishia. Nunua pale wanapofanya kazi ya mbao ngumu au paini isiyotiwa dawa pekee, simama uone kinachokatwa, na chambua gunia hadi chini, si mdomoni. Rangi ya kijani, vipande vyenye matabaka au unga laini wa rangi ya kahawia iliyolingana vikionekana, ondoka.

Kwa karakana safi, alama 3. Kwa nyingine yoyote, sifuri.

Takataka ya banda la kuku ni maranda hayohayo yaliyokwisha kulipiwa kosa lake na kinyesi. Uliza ni kuku gani. Matandiko ya kuku wa nyama yamekaa wiki tano au sita tu na bado ni maranda zaidi kuliko mbolea. Ya kuku wa mayai yamekaa mwaka au zaidi na yana nguvu. Usiyapeleke yakiwa yanatoa harufu ya kuchoma macho. Yarundike chini ya kivuli wiki nne hadi sita, yageuze mara mbili, yafunike mvua isiyaoshe. Kilo moja kwa mita ya mraba inatosha, chini ya tabaka la matawi, kamwe si kwenye shina la mche. Zaidi ya hapo utastawisha magugu yanayopenda mbolea, na miche ya msitu itafunikwa. Anayependa kitu kilichotulia zaidi atumie mboji ya taka za masoko. Mabwepande kuna mtambo wa mboji wa Manispaa ya Kinondoni uliotokana na ushirikiano wa Dar es Salaam na mji wa Hamburg. Mboji yoyote utakayoinunua, ichekeche kiganjani kwanza kuangalia vipande vya plastiki na chupa, maana msitu hauna wa kuviokota.

Taka mbichi za masokoni, kama mikungu ya ndizi na maganda, zinavutia kwa kuwa ni bure. Huko Guanacaste, Costa Rica, mwishoni mwa miaka ya 1990 zilimwagwa tani zipatazo 12,000 za maganda na mabaki ya machungwa kwenye hekta 3 za malisho yaliyochoka, na miaka 16 baadaye msitu uliofunga palepale ulikuwa mzito kuliko ardhi ya jirani. Lakini hayo ni malori elfu moja, mahali pasipo na jirani wa kulalamikia nzi na harufu. Kwa njia ya lori yenye upana wa mita tatu na nusu karibu na makazi, taka hizo zipitie mboji kwanza.

Makumbi ya nazi watu wanayatandaza juu, na hapo ndipo yanapofeli. Yana chumvi na potashi nyingi, hayakai chini, na kumbi lililolala kama bakuli hukusanya maji na kuzaa mbu. Jiji lililopata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019 halihitaji mazalia mapya. Kazi yake ni ndani ya shimo. Wakulima wa minazi wa kusini mwa India hufukia makumbi upande wa bakuli ukitazama juu, yashike maji kwenye kiangazi. Kwa udongo ulioshindiliwa toboa kwa mtaimbo mashimo ya kipenyo cha sentimita 10, kina 40, umbali wa mita moja, kisha sokomeza humo makumbi yaliyopasuliwa na kulowekwa siku mbili tatu ndani ya maji yanayobadilishwa kuondoa chumvi. Jaza juu kwa mboji. Mashimo hayo yanakuwa mifereji ya mvua kushuka chini ya tabaka gumu, na mizizi inaifuata. Pale ambapo huwezi kuvunja mistari kwa sababu ya mizizi ya miti iliyosalia, hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote.

Pumba za mpunga: nyepesi, kiasi cha kilo 100 kwa mita ya ujazo, zinapeperushwa na upepo, zinaelea na mvua ya kwanza, na silika iliyojaa ndani yake inazifanya zioze polepole sana huku zikilisha kidogo. Zichanganye theluthi moja na matawi kama zipo karibu na ni bure. Vinginevyo ziache kwa wafuga kuku, kisha uje uzichukue zikiwa na kinyesi.

Vumbi la mkaa na chenga zinazobaki kwenye maghala hazitandazwi zenyewe, ila kikombe kimoja kwenye ndoo ya mboji kinasaidia kushika virutubisho kwenye mchanga. Mahali palipokuwa na tanuri usiongeze: pana za kutosha, na udongo wake uliookwa unahitaji mboji na kivuli tu.

Kuhusu wasafirishaji, kosa la wateja ni kuhesabu magunia. Gunia la kilo 100 za mahindi lina karibu mita ya ujazo 0.14, na lumbesa ya mtu mmoja si lumbesa ya mwenzake. Hesabu mita za ujazo. Njia ya mita 100 kwa 3.5 ni mita za mraba 350. Tandazo la sentimita 8 ni mita za ujazo 28. Ongeza moja ya tano kwa sababu mzigo wa matawi hushuka njiani, zinakuwa 34. Canter yenye bodi ya mita 4 kwa 2, ubavu wa mita moja, inabeba 8, basi jiandae kwa safari tano. Kwa magunia ingekuwa karibu 240, na kila gunia lina mtu wa kulipakia na wa kulishusha. Kubaliana bei kwa safari ya bodi iliyojaa hadi ukingoni, na pima bodi kwa futi kabla gari halijaondoka. Hekta nzima kwa sentimita 8 ni mita za ujazo 800. Hakuna kikundi kinachopaswa kuota hilo. Anza na njia za lori, uwanja wa kupakilia na kona gari lilipogeuzia. Msitu uliobaki katikati utajiponya ukiachwa.

Na gari lisiingie. Hili tunalisema kwa uchungu kwa sababu linaonekana mara nyingi mno: Fuso inaletwa na tani kadhaa za dawa ya udongo ulioshindiliwa, inapita juu ya udongo uliokwisha kuvunjwa, tena umelowa. Shusha barabarani, ingiza kwa toroli au mgongoni juu ya njia moja iliyotandikwa matawi. Dereva atalalamika kuhusu muda, mlipe muda wake. Kama eneo ni hifadhi, iwe Pugu, Kazimzumbwi au Vikindu, kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kitangulie mzigo wowote, hata wa majani makavu.

Utandazaji wenyewe ni wa siku moja kwa watu wachache. Subiri mvua za kwanza za vuli au masika ziloweshe udongo sentimita 20; tandazo likiwekwa juu ya ardhi kavu, mvua ndogo zote zitaishia ndani yake. Tabaka la chini mboji, sentimita moja au mbili, au takataka ya kuku kwa kipimo kile cha kilo moja kwa mita ya mraba. Juu yake matawi sentimita 8, kumi mahali penye jua kali. Acha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka kila mche na kila chipukizi la kisiki, kwa sababu gome linalolowa muda wote huoza. Penye mteremko laza matawi mazima kukata mteremko kila mita mbili, uyakandamize kwa vigingi. Wamatengo wa Mbinga wanaopanga nyasi kwenye ngoro zao, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kisha kuzifukia wanafanya kitu tofauti: wao wanatengeneza shamba la msimu, na nyasi huoza haraka. Vipande vya miti vibaki juu.

Mambo yanayoharibika baadaye yana dalili. Rundo la matawi mabichi likikaa limefungwa wiki mbili na kutoa harufu ya siki, limekosa hewa na limekuwa chachu. Lifungue, litawanye siku tatu hadi saba, ama sivyo litaunguza miche. Miche ya njano juu ya maranda ni njaa ya naitrojeni. Ongeza takataka ya kuku iliyotulia, usiongeze maranda. Mchwa wakionekana, usikimbilie dawa. Kwenye ardhi iliyoziba ya Burkina Faso, mchwa walioitwa na tandazo ndio waliochimba njia za maji kupenya, na hapa ni hao hao unaowahitaji. Kama wanagusa mche, ongeza upana wa duara tupu na uwaachie vipande vikavu mbali kidogo na shina.

Hatari kubwa kuliko zote ni moto. Kati ya Juni na Oktoba tandazo kavu kando ya njia inayopitwa na watu linangoja kijiti kimoja. Kata tandazo kila mita 20 kwa ukanda mtupu wa mita mbili, na sehemu inayopakana na barabara au shamba linalochomwa iache bila tandazo kabisa hadi vuli.

Tabaka la matawi litakuwa limepungua kwa nusu au zaidi baada ya mwaka mmoja wa mvua zetu. Ongeza sentimita 4 tu mwanzo wa masika inayofuata, bila takataka ya kuku safari hii, kisha rudi na nondo ile ile mahali palepale, siku mbili baada ya mvua kubwa. Maji kwenye kopo hubadilika kwanza, mara nyingi ndani ya msimu mmoja, nondo huchelewa. Ikiwa baada ya masika mbili bado inagoma palepale, chimba shimo moja la sentimita 50 ukatazame: ukikuta mizizi imefika kwenye tabaka gumu na kupinda kulala, mstari wa mwanzo ulivunjwa kwa kina kidogo, na mtaimbo urudi kazini katikati ya miche bila kuondoa tandazo.